Nani Aliurudisha Mguu wa Mzee Kobelo?

Sogeeni, na mwenye tabia ya kujibu kabla hajaulizwa akae nyuma. Leo ninawapa watu watatu, mguu mmoja na kiti kimoja. Nikimaliza kusema, zamu itakuwa yenu.

Mjini Morogoro, kwenye chumba kilichokuwa juu ya duka la vifaa vya ujenzi, Mwalimu Perpetua Mkude alifundisha kazi ambayo hata mama yake mzazi hakuielewa.

"Unafundisha udaktari?" mama alimuuliza siku moja.

"Hapana, mama. Nafundisha watu kusoma faili la mgonjwa na kugeuza maneno ya daktari kuwa namba. Kila ugonjwa una namba yake. Mfuko wa bima ukiziona, unajua mgonjwa huyu ana mzigo kiasi gani na mwakani atahitaji nini."

"Kumbe. Daktari anaandika vibaya, nyie mnamtafsiria."

Mwalimu akaona hilo linatosha, akaomba chai.

Kazi yenyewe ilikuwa na sheria mbili ambazo wanafunzi wake walizisoma ubaoni kila asubuhi. Ya kwanza: ambacho daktari hakukiandika, hakikutokea. Ya pili ilikuwa ya ajabu zaidi: kila Januari, wagonjwa wote wanapona. Kwenye karatasi tu, kwa kuwa mfuko huanza hesabu upya, lakini wanapona. Sukari inashuka, mioyo inatulia, na aliyekatwa mguu, unamwotea upya, mpaka daktari atakapomwona mwaka huo na kuandika tena kwamba mguu haupo. Mwalimu aliisema sheria hii kwa uso mkavu kabisa, kisha akasubiri darasa limalize kucheka.

Katika darasa hilo walikuwemo watatu ambao Mwalimu aliwapenda kupita alivyopaswa, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Kokushubila, aliyeitwa Koku, alitoka Bukoba. Alikuwa ameuza dawa dukani miaka mingi, akisoma vyeti vya madaktari wa kila aina, hata wale ambao mwandiko wao ni kama kuku aliyepita kwenye unga. Hapakuwa na neno la daktari lililomshinda. Mtoto wake alikuwa bado kwa bibi yake huko Bukoba, na Koku alikuwa akitafuta kazi ya kumwezesha kumchukua.

Nakundwa alitoka milima ya Same. Huko alipima tangawizi kwenye chama cha ushirika, na tangu ashike mzani hakuna mkulima aliyewahi kumpitishia gunia lenye udongo, awe shangazi yake au mchungaji wake. Kipaji chake kilikuwa kukataa. Alikataa taratibu, bila hasira, na hakubadilika. Ndugu zake walikuwa wamemwambia kwamba kwa ubishi ule hakuna ofisi itakayomtaka, naye alitamani sana wakosee.

Mbaruku alitoka Pangani, na alikuwa amekaa mapokezi ya nyumba ya wageni. Mtu aliyewahi kumuuliza mgeni kama yule aliyefuatana naye ni mkewe, na mgeni akajibu huku anatabasamu, huyo anajua kuuliza. Mama yake alikwishawatangazia majirani kwamba mwanawe ameajiriwa hospitali, kwa hiyo kurudi mikono mitupu hakukuwezekana.

Sasa, ng'ambo ya barabara, kibarazani, alikaa fundi cherehani mmoja, Mzee Kobelo. Mguu wake wa kulia ulikuwa umekatwa chini ya goti zamani, kwa sababu ya sukari. Alikuwa na mguu wa bandia, lakini ulipasuka, naye akaomba mwingine kwenye mfuko wa bima. Asubuhi moja akaja kwa magongo hadi chini ya ngazi za darasa, akaita. Kwa kuwa yeye hakuweza kupanda, darasa lilishuka.

"Shikamoo, mzee," walisema.

"Marahaba. Ninyi si ndio watu wa mafaili? Nisomeeni hii."

Koku akaichukua barua, akasoma kwa sauti. Kwa mujibu wa kumbukumbu za mwaka huu, mwanachama ana miguu yake yote miwili. Ombi halikubaliwi.

"Mimi nilipoisoma nilijitazama," mzee alisema. "Nikaona labda macho ndiyo mabovu. Nikamwita mke wangu naye aangalie."

"Akasemaje?"

"Akasema kama upo wa pili, basi nimeusahau kwa mwanamke mwingine."

Darasa lilicheka mpaka muuza misumari akatoka dukani. Mwalimu Perpetua naye alicheka, kisha uchungu ukamshika, kwa sababu yeye alijua kilichotokea. Januari ilikuwa imepita, na mguu wa mzee ulikuwa umeota. Kila daktari aliyemwona mwaka ule alimkuta na magongo yake, akaandika sukari, akaandika presha, akampa dawa. Mguu haukuandikwa, kama ambavyo hakuna anayeandika kwamba leo jua limetoka.

Mwalimu akaenda kwa Daktari Shekalaghe, mganga mfawidhi wa kituo cha afya alichotibiwa mzee. Mzee akatia sahihi kuruhusu faili lake lisomwe, na faili likawa zoezi la mwisho la darasa. Daktari akaongeza neno lake.

"Natafuta mtu wa kukaa na mafaili yangu," alisema. "Nina kiti kimoja tu. Atakayeurudisha mguu wa mzee, kiti ni chake. Siku ya kutoa vyeti, Mwalimu, utanitajia jina."

Wanafunzi wakaliangukia faili. Wakalipekua ukurasa hadi ukurasa, na kila walipofika waliona sukari, presha, kiharusi, dawa zile zile, rudi mwezi ujao. Palikuwa na ukurasa mmoja wa mwezi wa tano ulioandikwa kwa haraka, mstari wake wa mwisho umejikunja ukingoni. Wote waliuruka. Koku hakuuruka. Akauinamia, akaugeuza, akafuatisha mkato wa kalamu kwa kidole hewani.

"Kigutu kimesafishwa," akasema. "Ameandika kigutu. Alisafisha kidonda cha mahali palipokatwa."

Darasa likapiga makofi. Mmoja akanyakua kalamu aandike namba ya mguu uliokatwa, na mwingine akaona kwamba faili lina kiharusi pia, kimeandikwa kila mwezi. "Tukiweka na kiharusi, mzigo utakuwa mkubwa. Mzee atapata mguu upesi."

"Hapana," Nakundwa akasema.

"Hapana nini?"

"Kiharusi ni cha zamani, soma kurasa za nyuma. Alikipata, akapona. Wamekuwa wakikinakili tu, kana kwamba kinampiga upya kila mwezi. Wakaguzi wakikiona watalitupa faili zima, na mzee wetu ataitwa mwongo. Na hicho kigutu, ni cha nini? Cha mkono? Cha kidole? Daktari hajasema."

"Nakundwa, chungulia dirishani. Mzee yule pale."

"Mimi namwona. Faili halimwoni."

Hapo Mwalimu Perpetua ulimi ulimwasha. Kutoka mezani kwake alimwona mzee akikanyaga cherehani kwa mguu mmoja, suruali ya upande wa pili imekunjwa na kubanwa kwa pini, na moyo wake ulimwambia: andika tu, nani atajua? Lakini Nakundwa alikuwa akisema yale yale ambayo yeye mwenyewe aliyaandika ubaoni. Akajiona mdogo, na papo hapo akajivunia mwanafunzi wake. Kiharusi kikaondolewa, na mguu haukuandikwa.

Ikabidi Daktari Shekalaghe, aliyeuandika ukurasa ule, aulizwe. Na kumuuliza daktari kuna adabu zake. Huruhusiwi kumwekea jibu mdomoni. Ukisema, "Daktari, si kweli mguu umekatwa?" jibu lake halifai kitu, kwa sababu umemlisha. Wawili walitangulia kwenda. Wa kwanza alimlisha, Mwalimu akalifuta swali lake, na wa pili alifukuzwa mlangoni kwa kuwa wagonjwa walikuwa wengi.

Mbaruku alikwenda akakaa. Alisalimia, akauliza hali, akapisha wagonjwa, akasubiri mpaka daktari mwenyewe akamwita. Ndipo akatoa karatasi yenye swali lake: Daktari, katika mwezi wa tano ulisafisha kigutu cha mgonjwa huyu. Tafadhali eleza ni cha kiungo gani, na hali yake ikoje.

Daktari akacheka. "Mzee anaingia humu kwa magongo, nanyi mnaniuliza?"

"Wewe unaona, daktari. Sisi tunasoma."

Daktari aliacha kucheka. Akamwita Mzee Kobelo siku ile ile, akampima upya, akaandika kwa herufi za kusomeka: mguu wa kulia, umekatwa chini ya goti, kidonda kimepona. Akatia sahihi. Namba ikapatikana, faili likaenda, na safari hii jibu lilikuwa la heri.

Siku ya vyeti ilipofika, watatu wale walikuwa wanataniana ngazini.

"Nisingesoma mimi," Koku alisema, "Nakundwa ungekataa nini, na Mbaruku ungeuliza nini?"

"Nisingekataa mimi," Nakundwa alijibu, "faili lingetupwa na kusoma kwako ndani yake."

"Nisingeuliza mimi," Mbaruku alisema, "mngekuwa na kigutu kisicho na mwenyewe."

Mwalimu aliwasikia kutoka mlangoni. Kidole kimoja hakivunji chawa, hilo alilijua, lakini daktari hakuleta viti vitatu. Alipomfikiria mtoto wa Koku, alitaja Koku moyoni. Alipokumbuka ulimi wake ulivyomwasha, alitaja Nakundwa. Alipokumbuka swali lililomfanya daktari aache kucheka, alitaja Mbaruku.

Wageni walipokwisha kukaa, vishindo vikasikika kwenye ngazi. Mguu, na mguu mwingine. Taratibu, bila gongo. Watu walitaka kushuka wamsaidie, naye akapaza sauti kutoka chini: "Atakayenishika nitamshonea suruali ya mguu mmoja."

Akaingia Mzee Kobelo, suruali imepigwa pasi pande zote mbili, mkewe nyuma yake akipiga vigelegele. Akacheza hatua mbili tatu mbele ya daktari, na Mwalimu Perpetua alilia kwa furaha bila kujificha.

"Haya," mzee akasema, "ni nani aliyenirudishia mguu? Nataka kumshika mkono."

Mikono mitatu ikanyooka kwa pamoja. Chumba kizima kikacheka.

"Na mimi je, niliyekatwa?" mzee akauliza. "Nisingekatwa, mngerudisha nini? Kiti nipeni mimi."

Kicheko kilipopoa, Daktari Shekalaghe akamgeukia Mwalimu. "Mwalimu, nasubiri jina. Na tafadhali liandike. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba ambacho hakikuandikwa hakikutokea."

Mwalimu Perpetua akasimama mbele ya ubao, chaki mkononi. Mbele yake kuna aliyeona, kuna aliyekataa, na kuna aliyeuliza. Mzee amesimama kwa miguu yake, hataki kukaa mpaka ajue. Ubao ni mtupu.

Ninyi mliosogea, na wewe uliyekaa nyuma na jibu lako: chaki hiyo, ishike. Ungeandika jina la nani?