Gae la Mize

Mfinyanzi hulia gaeni. Nimewasikia mkimtupia Raya maneno hayo mkicheka, kwa kuwa amewapakulia nyinyi wali mweupe, naye amejitenga mlangoni akikwangua ukoko ulioungua mpaka ukawa mweusi. Mnauliza yametoka wapi? Haya, malizeni kucheka kwanza. Chanzo chake ni aibu.

Alikuwako mwanamke mfinyanzi, jina lake Mize. Vyungu vyake vilisifiwa kila mahali, lakini sifa hazikumtosha. Chungu kikiwa na kidoa, yeye hakuona chungu, aliona kidoa. Sasa, udongo mtupu hauvumilii moto. Wafinyanzi huchukua magae ya vyungu vilivyovunjika, wakayatwanga, wakachanganya chenga zake na udongo mbichi, nazo ndizo zinazoupa nguvu. Mize aliyajua hayo tangu kwa mama yake. Ila chenga hukifanya chungu kikwaruze kidogo, na mkono wa Mize haukupenda kukwaruzwa.

Jirani yake, Bi Shumbana, alipotaka kumwoza binti yake, alimwagiza chungu kikubwa cha kupikia wali wa harusi. Mize akasema moyoni, hiki hakitakuwa na doa. Akauchekecha udongo mpaka ukawa kama unga, na chenga hakutia hata kidogo. Chungu kikatoka laini kama yai. Wanawake walikipapasa wakakishangilia, naye akajifanya hasikii, kumbe masikio yote yako huko.

Siku ya harusi, mchele ulipotiwa na moto kukolea, chungu kilitoa mlio, kikapasuka vipande. Wali wote ukaenda jivuni mbele ya wakwe waliotoka mbali. Hakuna aliyeungua, lakini Mize alitamani angeungua yeye. Akaokota gae moja, akalifunika kwa kanga, akapita nyuma ya nyumba kurudi kwake.

Tangu hapo hakufinyanga tena. Watoto wake aliwapakulia kwenye bakuli nzuri, mwenyewe akajitilia chakula kwenye lile gae, akala ameuelekea ukuta. Lilipomkata mdomo, alisema ndiyo stahili yake. Watoto walipomsihi aliwafukuza. Akakonda, na udongo ukamkaukia uani.

Bi Shumbana aliposikia, alimwendea. Mize alipomwona tu, alilificha gae chini ya kanga, uji ukammwagikia.

"Usinitazame, Bi Shumbana. Nilikuharibia shughuli yako."

"Uliiharibu," alisema Bi Shumbana, akikaa bila kukaribishwa. "Sikuja kukwambia hukuiharibu. Lakini tulipika wali mwingine, wageni wakala wakaenda zao. Mwanangu sasa ni mjamzito. Wewe peke yako, Mize, ndiye hujatoka harusini kwangu."

Mize akalitoa gae chini ya kanga, akaliweka mapajani.

"Hebu niambie," Bi Shumbana akamwuliza. "Chungu kile angekifinyanga binti yako kikapasuka, ungempa gae alie?"

"Binti yangu? Hasha! Nimpe gae kwa lipi?"

"Na wewe, nafsi yako imekukosea nini?"

Mize akaanza kulia, na machozi yakadondokea gaeni, yakachanganyika na uji uliobaki. Mpita njia mmoja akachungulia uani.

"Mize ana nini?"

"Mfinyanzi hulia gaeni," Bi Shumbana akamjibu.

"Anakula au analia?"

"Vyote viwili."

Kisha akamgeukia Mize, akamwambia taratibu, "Kazi ya gae unaijua wewe kuliko mimi."

Mize akayafuta machozi, akamwaga uji uliobaki gaeni. Akatafuta jiwe, akalitwanga lile gae, chenga zake akazitia kwenye udongo mpya. Aibu haikumtoka siku ile, nisiwadanganye. Chungu kikatoka kinakwaruza, kimeinama kidogo upande mmoja. Alitaka kukivunja. Bi Shumbana akakichukua hivyo hivyo, na wali wa arobaini ya mjukuu wake ukapikwa humo, na chungu kikauvumilia moto hadi mwisho.

Siku hizi mkimwona fundi cherehani amevaa shati lililochanika, mnayasema maneno haya mkicheka. Semeni, sikatazi. Lakini aliyeyasema mara ya kwanza hakucheka. Alikuwa akimhurumia mtu mwenye huruma kwa kila mtu isipokuwa nafsi yake.

Raya, mjukuu wangu, wali umekuungulia, sote tumeuona, na tumeshiba uliosalimika. Weka chini huo ukoko, ulete sahani nikugawie changu. Mfinyanzi hulia gaeni, nami siwezi kukutazama ukilia humo.