Baragumu la Bwana Badi

Saa nne asubuhi, Jumanne, Bwana Badi mwenye hoteli alifika kwenye meza ya Mize, muuza makombe ya bahari. Mteja mmoja mwenye kofia alikuwa akichambua kauri. Bwana Badi alishika baragumu, kombe kubwa la kupuliza.

“Hili limeibwa hotelini kwangu. Nalichukua.”

Wiki iliyopita alichukua mawili kwa maneno hayo hayo.

“Pole, bwana,” Mize alisema. “Una hakika si kauri?”

“Kauri! Mimi nisijue baragumu langu?”

“Pengine ulilinunua dukani, ukachanganya.”

“Dukani? Nililitoa baharini mwenyewe, kwa mikono hii!”

“Basi lipulize tusikie. Mwenye nalo hujua.”

Bwana Badi alivuta pumzi, akalipuliza mpaka wauza madafu wakageuka.

“Haya, nimeamini, ni lako,” Mize alisema, kisha akamgeukia mwenye kofia. “Bwana afisa, si uliniuliza hili lililopigwa marufuku kutolewa baharini ni la nani? Nikakwambia mwenyewe yuko njiani. Ndiye huyu.”

Afisa wa uvuvi alitoa daftari, akaandika jina, akamtaka Bwana Badi waongozane kituoni. Baragumu alilibeba Bwana Badi mwenyewe.