Siku ya Nne, Siku ya Ardhi

Zamani za kale, wajukuu zangu, kale ile ambayo hata bibi yangu aliisikia tu kwa bibi yake. Mpo? Itikieni kwa mdomo, msinitikisie vichwa. Macho yangu yamekwisha.

Palikuwa na kijiji kilichohesabu juma kwa siku nne. Siku ya kwanza walilima, ya pili walilima, ya tatu walilima. Ya nne? Ya nne hakuna aliyegusa jembe. Mungu aliiweka ili ardhi ipumzike. Mlinzi wa mwiko huo alikuwa Mzee Ngumbao, ambaye tangu azaliwe hajawahi kuuvunja.

Enzi hizo mvua ilikuwa na adabu. Ikija, inakaa. Kisha ikabadilika, ikawa leo ipo, kesho jua kali. Mwaka mmoja haikuja kabisa. Mwaka wa pili ikanyesha siku ya nne. Watu wakangoja kesho, na kesho udongo ulikuwa mkavu kama kigae. Hawakulima, hawakupanda.

Mwaka wa tatu ikanyesha. Siku gani? Ya nne tena! Msicheke, watu walilia.

Sasa, alikuwako mjane jina lake Dama, ana watoto wawili na kibuyu kimoja cha mbegu za mtama. Mbegu zile alizilalia njaa asizile. Mvua ilipokatika asubuhi, akachukua jembe, akaenda shambani. Watu wakamzunguka.

"Dama, rudi! Utatumaliza sote!"

"Nikirudi, wanangu watakula mwiko?"

Mzee Ngumbao akaja na mkongojo wake. Mimi ningekuwa Dama ningetupa jembe nikimbie. Yeye alisimama.

"Mwanangu, siku hii ni ya nani?"

"Ya ardhi, babu. Ipumzike."

"Na shamba lako, mara ya mwisho ulililima lini?"

"Misimu miwili halijaguswa, babu."

Mzee akainama, akashika udongo. Aliogopa, wajukuu zangu. Msidhani wazee hawaogopi.

"Basi imekwisha lala misimu miwili," akasema. "Mungu hakusema ardhi ipumzike, watu wafe. Lete jembe. Kama kuna laana, na ianze na mimi."

Akapiga jembe la kwanza. Kijiji kizima kikakimbilia majembe. Mmoja akapiga kelele, "Mwiko umekufa!"

"Nani kasema?" Mzee akafoka. "Leo tumeiazima siku ya ardhi. Kesho tunairudisha. Nisimwone mtu na jembe!"

Kesho yake wakapumzika. Jua likawaka, lakini mbegu zilikuwa chini tayari.

Mtama ukazaa. Ila Mzee Ngumbao hakuuonja. Alifariki juma moja kabla ya mavuno, na watu wakaanza kunong'ona, "Si mnaona? Laana ile."

Siku ya mavuno Dama aliweka konzi ya kwanza ya mtama kaburini kwa mzee. Kisha akawageukia. "Babu alikuwa ameshiba miaka. Watazameni wanangu, halafu mnionyeshe laana iko wapi."

Wakainama, wakaendelea kuvuna.

Mwiko uliwekwa kulinda uhai, wajukuu zangu; ukiushika, ushike pamoja na sababu yake. Mzee alikufa kwa nini? Mimi sijui. Ninachojua, wale watoto wawili walikula, na ndiyo maana leo ninyi mpo hapa mnanichosha.

Kisa changu kimelima siku tatu. Hii ni ya nne, nacho kipumzike.