Mama Nguchiro na Chuo cha Kubeba Maji

Hapo zamani za kale, wanangu, wakati wanyama walipokuwa na majiko na nguo za kufua kama sisi, Mama Nguchiro alikuwa ameinama juu ya beseni. Fuku, fuku, fuku! Alikuwa anafikicha shati la mwanawe Kimya. Huyo Kimya ndiye aliyekuwa na kelele kuliko dada zake wawili, Tatizo na Sokomoko.

Mara akaja jirani yake, Bi Kanga, mbio, manyoya yamemsimama.

"Mama Kimya! Mama Kimya! Umesikia la mfalme?"

"Sema tu. Mkono unafua, sikio liko wazi."

"Simba ametangaza nchi nzima! Kila mtoto awe na ufundi. Mwezi ukiandama anakuja kuwapima. Asiyejua kufinyanga chungu na kukichoma, anahamia kwa mwalimu wake, alale huko huko mpaka ajue!"

Shati likamponyoka. Chubwi!

Walimu wenyewe walikuwa wawili. Kiboko wa mtoni alijua udongo, Faru wa kilimani alijua moto, na wote wachoyo. Watoto wa wanyama wadogo walikwenda kwao kila asubuhi. Somo la kwanza, kubeba maji. Somo la pili, kubeba kuni. Somo la tatu, kumkuna mwalimu mgongo. Vyungu vilitengenezwa ndani, mlango umefungwa.

"Kwa hiyo wasipofundishwa watashindwa," alisema Mama Nguchiro polepole. "Na wakishindwa, Kiboko na Faru wanapata wabeba maji wa bure mpaka wazeeke."

"Ndiyo hivyo, shoga! Tulie?"

"Tutalia baadaye. Nianikie hizi nguo."

Sasa, mafundi wa nchi ile walikuwa na desturi moja. Fundi akidharauliwa kazi yake, hutoa kigoda nje, akaifanya mbele ya watu mpaka waliomdharau wanyamaze. Asipofanya hivyo, hata mkewe humcheka. Mama Nguchiro aliijua desturi hiyo vizuri. Akawachukua watoto, huyoo, mtoni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Hao watoto mbona hawana ndoo?"

"Ah, Mwalimu, leo nimekuja na aibu. Huko kilimani wanasema chungu ni moto tu. Eti wewe unachezea tope, na kikifika motoni, pwaa!"

"Nani anasema? Faru?"

"Mimi sitaji mtu."

"Ni Faru! Mimi nachezea tope? Mimi!" Kiboko akafoka mpaka maji ya mto yakarukia ng'ambo. "Mke wangu! Toa kigoda nje!"

Akakaa. Pu! Akaanza kazi huku akipiga kelele. "Ona! Udongo mtupu hupasuka. Mimi nasaga vigae vya vyungu vya zamani, nachekecha, nachanganya. Faru anajua hilo?"

"Hajui, Mwalimu. Hata mimi sijaona vizuri, mkono wako mwepesi mno."

"Basi angalia tena! Nakanda hivi. Napandisha ukingo hivi, kidogo kidogo. Nalainisha kwa maji."

Kimya akafungua mdomo aseme. Mama yake akamkanyaga mguu.

"Tatizo, Mwalimu, watu watasema umepata bahati tu."

"Mama, unaniita?" akauliza Tatizo.

"Sikuiti, tazama mbele." Akamgeukia Kiboko. "Lakini hata watoto wangu wakifinyanga hapa kwako, halafu vyungu visipasuke, nani atathubutu kukudharau?"

"Wape udongo!" akanguruma Kiboko. "Wafinyange! Wewe, ukingo mnene huo, punguza! Bomoa, anza upya!"

Jua likazama watoto wamepakaa udongo hadi masikioni.

Vyungu vikakaa kivulini vikakauka. Kisha Mama Nguchiro akawachukua watoto, kila mmoja na chungu chake, wakapanda kilimani.

"Shikamoo, Mwalimu Faru. Mtoni wanasema moto wako ni wa kuchomea mahindi."

"Nini! Leta hivyo vyungu! Toeni kigoda!" Faru akapiga kwato chini, tifu! "Mjinga hutia chungu motoni kikiwa baridi. Mimi nakiweka kando kwanza, nakigeuza, kinapata joto. Halafu kuni. Halafu majani makavu juu. Nanyi msisimame tu, geuzeni! Polepole! Na kikiwa chekundu, usikivute haraka!"

Mwezi ukaandama. Simba akaja. Watoto wa Mama Nguchiro wakafinyanga mbele yake, wakaeleza namna ya kuchoma, wakamletea na vyungu walivyochoma. Simba akavigonga kwa ukucha. Ngiii! Ngiii! Ngiii! Vizima vyote.

"Nani amewafundisha?"

"Mwalimu Kiboko na Mwalimu Faru!" akapaza sauti Kimya.

"Na wewe Faru," Kiboko akashindwa kujizuia, "ulisema nachezea tope!"

"Mimi? Si wewe uliyesema moto wangu ni wa mahindi!"

"Sikusema!"

"Wala mimi!"

Wakatazamana. Wakageuka pamoja.

"Mama Nguchiro!"

"Abee."

"Uliwadanganya walimu?" akauliza Simba.

"Niliwasaidia kufundisha, Mfalme. Kubeba maji watoto walikuwa wanajua tangu nyumbani."

Simba akacheka mpaka sharubu zikatetemeka. Akatangaza papo hapo kwamba, nchi nzima, fundi anayefundisha afanyie kazi nje, na watoto wa wote washike udongo kwa mikono yao. Kesho yake Kiboko alionekana na ndoo, anajichotea mwenyewe, uso umemvimba kwa hasira.

Jioni ile Mama Nguchiro alisonga ugali, akapakua na mchicha. Akahesabu vichwa kama kawaida yake. Tatizo yupo. Sokomoko yupo. Kimya yupo, anaongea. Na huyu je? Bi Kanga, ameshanawa mikono.

"Haya, wote mpo. Kuleni."

Nanyi mlionisikiliza, shikeni hili: kazi hufundishwa kwa kumpa mtoto aifanye, si kwa kumtumikisha anayeitamani.