Sahani ya Israa

Nyumba ya watoto ya Wiyoni, Lamu, ilipokuwa bado wazi, hakuna aliyehitaji saa kujua kwamba adhuhuri imefika. Harufu ya wali wa nazi ilipotoka jikoni, watoto ishirini na wawili walimiminika uani, wakayazunguka masinia matatu, wakisukumana kwa viwiko na kuchokozana mpaka Bi Umulkheir aseme, "Bismillahi." Alikuwa mlezi wa nyumba hiyo kwa miaka ishirini na sita. Kisha ikaonekana, na ilionekana vyema, kwamba mtoto hukua vizuri zaidi ndani ya familia. Watoto wakapelekwa kwa familia za malezi na lango likafungwa. Bi Umulkheir aliikosa ile kelele kila siku ya Mungu, wala hakuna aliyekuja kumwuliza neno.

Kazi ya kuwafuatilia watoto hao ilimwangukia Jabez, afisa wa watoto aliyetoka Machakos. Alikuwa kijana mwema na mchapakazi, ila kichwa kigumu kidogo. Kutoka Shela hadi Kiwayu alikuwa peke yake, na mkubwa wake alikuwa bara. Jabez alijikaza kisabuni, akiamini kwamba afisa aombaye msaada amekiri kuwa kazi imemshinda.

Aliyemkosesha raha ni Israa, yatima wa miaka saba aliyekuwa akilelewa na Bi Radhiya huko Shela. Israa alikuwa hataki kula. Kwa wiki tano alidonoa tu chakula, akakonda hata gauni likampwaya, na daktari hakuona ugonjwa. Kila Jumanne Jabez alikaribishwa kwa heshima dakani, pale mlangoni wanapoketi wageni wanaume, akaletewa chai, kisha Israa akatolewa nje amepambwa vizuri. Aliuliza habari za kitanda, sahani na sabuni. Vyote vilikuwapo, vya Israa peke yake, kama orodha yake ilivyotaka. Mwishowe aliandika barua kwamba Jumamosi mtoto ahamishiwe Mombasa.

Barua ilihitaji tarehe ambayo Israa aliingia Wiyoni alipokuwa mchanga. Hivyo ndivyo Jabez alivyojikuta kwa Bi Umulkheir.

"Nimekuja kuuliza tarehe tu, Bi," alisema.

"Tarehe nitakwambia. Mbona uso umekusawajika? Ndoo, kaa tini." Alimwashiria aje aketi karibu naye.

Jabez aliketi, na mambo yakamtoka yote. "Sijui nimekosea wapi. Nimefanya kila kitu mwenyewe, na mtoto anazidi kuisha mikononi mwangu."

"Ndani ya nyumba umeingia?"

"Mimi mwanamume, Bi. Naishia dakani."

"Basi kesho twende sote."

Kesho yake adhuhuri walifika Shela. Jabez alibaki dakani. Bi Umulkheir akapiga hodi na kupita moja kwa moja hadi uani. Alimkuta Bi Radhiya na wanawe watatu wamelizunguka sinia la wali na samaki. Pembeni, kwenye meza ndogo, Israa alikuwa na kiti chake, kijiko chake, na sahani mpya ya maua iliyojaa minofu iliyoteuliwa. Alikuwa akiitazama migongo ya wenzake.

"Radhiya, huyu ni mgeni?"

"Mgeni wapi, Bi? Mwanangu huyu! Lakini karatasi ya Bwana Jabez yasema kila mtoto awe na sahani yake. Niliogopa nikikosea wataniondolea mtoto."

"Na hawa wengine, sahani zao zi wapi?"

Bi Radhiya aliitazama ile sahani ya maua, machozi yakamlengalenga. Alijua mwenyewe: katika nyumba zao, anayepakuliwa peke yake ni mgeni, na mgeni huondoka. Israa alikuwa na wiki tano akiingoja siku ya kuondoka.

Bi Umulkheir alirudi dakani akamweleza Jabez, naye akainamisha kichwa. "Kumbe mimi ndiye niliyemtenga."

"Uliandika ulivyofundishwa, mwanangu. Ila huko ndani huna jicho, na mimi hizo karatasi zako siziwezi. Kila Jumanne nipitie, twende pamoya. Na likikulemea jambo usikae nalo, ndoo unambie."

"Nitakuja, Bi," alisema Jabez. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukubali msaada tangu afike Lamu, na moyo ulimtua.

Ndani, Bi Radhiya aliiondoa meza na kumketisha Israa kati yake na Ammar, kitinda mimba wake. Mtoto alikula tonge moja kwa woga, akala la pili. La tatu, mkono wake ukavuka sinia na kunyakua kipande cha samaki kilichokuwa mbele ya Ammar.

"We Israa! Kula mbele yako!" Bi Radhiya alimkaripia, bila hata kufikiri, kwa sauti ile ile aliyowakaripia nayo wanawe.

Israa akaangua kicheko, kinywa kimejaa wali. Kicheko kilimfikia Jabez dakani, naye akaitoa ile barua mfukoni na kuichana. Mkono mmoja haulei mwana.