Pimbi wa Masoko na Supu ya Bure

— Watoto, mmekaa?
— Tumekaa!
— Masikio mmekuja nayo?
— Tumekuja nayo!
— Niwape kweli tupu?
— Changanya!
— Nichanganye na uongo?
— Changanya, usizidishe!

Haya. Fumbeni macho kidogo. Oneni mwamba mkubwa katikati ya mbuga, mwamba wenye nyufa nyingi, na kila ufa ni nyumba ya mtu. Chini ya mwamba, kwenye kivuli, kuna sufuria kubwa nyeusi inachemka: bwaku, bwaku, bwaku. Nyuma ya sufuria amekaa Chui. Amevaa aproni. Anatabasamu.

Mmemwona? Mnajiuliza anapika nini? Hata wanyama walijiuliza hivyohivyo.

Sasa fumbueni macho, nianzie mwanzo.

Kwenye mwamba ule aliishi Pimbi. Pimbi ni mnyama mdogo, mnene kiasi, hana mkia, lakini sauti anayo. Akipiga kelele asubuhi, kwee, kwee, kweeek, hata twiga wa ng'ambo hugeuza shingo. Mama yake alimpeleka chuo kikuu akasomee udaktari wa mitishamba. Mwaka wa kwanza akasoma majani. Mwaka wa pili akasoma mizizi. Mwaka wa tatu akaletewa Kindi aliyejikata kidole. Pimbi akaona damu, akaanguka chini, puu! Kindi mwenyewe ndiye aliyempepea.

Pimbi akafikiri sana. Kisha akaenda kwa wakuu wa chuo, akabadilisha kozi. Akasomea masoko: namna ya kuijua bidhaa, namna ya kumjua mteja, na namna ya kuwakutanisha.

Aliporudi likizo, mama yake akamkalisha chini.

"Umefukuzwa?"

"Sijafukuzwa, mama. Nimebadilisha."

"Umeiba mtihani?"

"Sijaiba. Nimebadilisha tu."

Mama akamtazama kuanzia juu hadi chini. "Hmm. Hapo kuna namna."

Digidigi akasikia, akasema, "Mtu anaacha udaktari hivihivi? Hapo kuna namna."

Bi Kanga akasikia, akasema, "Masoko! Miaka yote hiyo chuoni, aje kupanga nyanya mafungu? Hapo kuna namna."

Mzee Kobe alisikia wa mwisho, maana habari zilimfikia zikiwa zimechoka. Akatoa kichwa, akasema, "Hapo kuna namna." Akarudisha kichwa.

Basi Pimbi akamaliza chuo, akatafuta kazi. Akaenda kwa Nyuki, awauzie asali. Nyuki wakasema, "Tumuuzie nani? Wote wanatuibia." Akaenda kwa Mchwa, awauzie udongo. Mchwa wakasema, "Sisi tunajenga, hatuuzi." Akaenda kwa Nungunungu, amuuzie miiba. Nungunungu akasema, "Karibu, kijana, keti hapa ubavuni kwangu." Pimbi hakuketi.

Ndipo Chui akamwita.

"Kijana, nasikia umesomea masoko."

"Ndiyo, Mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Mimi nina supu. Supu ya maboga. Ninataka wateja. Kuanzia leo wewe ni mkuu wa masoko."

Mkuu wa masoko! Moyo wa Pimbi ukaruka juu. Kisha ukatua taratibu. Chui na maboga, wapi na wapi?

"Unauza bei gani, Mzee?"

"Bure."

"Bure?"

"Bure kabisa. Nimewapenda tu majirani." Chui akakoroga supu. "Hivi Bi Kanga ana watoto wangapi siku hizi?"

"Wengi, Mzee."

"Waje wote. Na Digidigi, amenenepa?"

"Unene wa nini tena, Mzee?"

"Nataka kujua ukubwa wa mabakuli."

Pimbi akasema moyoni: hapo kuna namna. Muuzaji asiyetaka kulipwa, anauza nini?

Akaisogelea sufuria, akanusa. Fu, fu, fu. Maboga yapo. Kitunguu kipo. Na chini ya kitunguu kulikuwa na harufu nyingine, tamu kidogo, chungu kidogo. Pimbi aliijua. Aliisoma mwaka wa kwanza. Ilikuwa harufu ya majani ya usingizi, yale ambayo mgonjwa hupewa kijiko kidogo kabla ya kung'olewa jino. Humu lilitiwa kapu zima.

"Inanukia vizuri?" Chui akauliza.

"Vizuri sana, Mzee."

"Basi waite. Sitaki mmoja mmoja, nataka wote kwa pamoja. Wasipokuja, mkuu wa masoko nitamla mchana." Akajilamba. "Natania." Lakini hakucheka.

Sasa, watoto, Pimbi afanye nini? Mtasema akimbie. Na majirani je? Mtasema awaonye. Alijaribu! Alimkuta Digidigi njiani, akamnong'oneza, "Usinywe ile supu."

"Kwa nini?"

"Mbaya."

Digidigi akamkodolea macho. "Si ndiyo hiyo uliyopewa kazi ya kuitangaza wewe? Unataka tusinywe ili uimalize peke yako. Hapo kuna namna. Nitakuja na mabakuli mawili!"

Mnaona mambo hayo? Pimbi akisifu, hawamwamini. Akiponda, wanakimbilia. Akakaa juu ya jiwe, akashika tama. Akakumbuka somo la kumjua mteja. Wateja wake wakoje? Wana shaka na kila kitu. Basi kwa nini apigane na shaka yao? Afadhali aifanyie kazi.

Akapanda juu ya mwamba. Kwee, kwee, kweeek!

"Njooni! Supu ya Mzee Chui! Bure! Na kwa desturi ya wenye vyungu wote, mwenyeji ataonja kwanza, mgeni atafuata! Njooni mmwone Mzee Chui akionja!"

Chui akamvuta pembeni, vuu!

"Wee! Nani kakwambia mimi nitaonja?"

"Mzee, bila hivyo hawanywi. Si unawajua majirani zako walivyo?"

Chui akawaza. Yeye mkubwa, wao wadogo. Bakuli moja kwa mwili kama ule ni nini?

"Nionje kidogo?"

"Ukitaka wateja wachache, onja kidogo. Ukitaka wote, onja kama mwenye supu."

"Nataka wote," akasema Chui.

Wakaja. Digidigi alikuja na mabakuli yake mawili. Bi Kanga alikuja na watoto, pi-pi-pi-pi, wamejipanga nyuma yake. Kindi alikuja, Panya alikuja, hata Nungunungu alikuja, akaachiwa nafasi pana.

"Karibuni, majirani!" akasema Chui.

"Tangulia wewe, Mzee," akasema Digidigi.

Chui akajaza bakuli, akanywa. Gu, gu, gu. "Haya, zamu yako."

Digidigi akachungulia sufuria. "Umekunywa ya juu. Sisi tutapewa ya chini. Hapo kuna namna."

Chui akachota ya chini, akanywa. Gu, gu, gu. "Haya, zamu yenu."

"Umenywea bakuli lako," akasema Bi Kanga. "Mimi na wewe tunajua kwamba ubaya hupakwa kwenye bakuli la mgeni. Nywea langu. Hapo kuna namna."

Chui akanywea la Bi Kanga. Gu, gu, gu. Akapiga mwayo, aaaaah.

"Mbona unapiga mwayo?"

"Ni utamu, mama. Utamu unachosha."

Akamjazia Bi Kanga bakuli, akaliweka chini. Bi Kanga akageuka kushauriana na Digidigi. Hapo hapo kifaranga wake wa mwisho, aliyekuwa hajala tangu asubuhi, akalisogelea lile bakuli. Akainamisha shingo. Mdomo ukakaribia supu.

Pimbi akajikwaa makusudi. Kwaa! Bakuli likapinduka, supu ikamwagika yote.

"Samahani! Samahanini jamani! Mzee, mjazie mama wa watu upya. Na uonje tena, maana bakuli limeanguka mchangani."

Chui akamtazama Pimbi kwa jicho baya. Kisha akawatazama wateja, wamejaa, wamenona, wote mbele yake. Akameza mate. Akaonja. Gu... gu... gu.

Pimbi akamsogelea sikioni. "Wamekaribia kukubali, Mzee. Amebaki Mzee Kobe tu. Kobe akinywa, wote wanakunywa."

Wakamsubiri Kobe. Kwata. Kwata. Kwata. Kobe akafika, akatoa kichwa, akatazama huku, akatazama kule.

"Mimi sijaona mtu akinywa."

"Kanywa mbele yetu sote!" wakasema.

"Ninyi mmeona. Mimi sijaona. Hapo kuna namna."

Chui akashindwa kuvumilia. Akainyanyua sufuria kwa mikono miwili. "Nitazame vizuri, wewe mzee!" Gu-gu-gu-gu-gu-gu! Akainywa mpaka sufuria ikalia kama ngoma. Akaishusha. "Haya sasa... majirani... karibu... ni..."

Puu!

Khorrr... piuuu. Khorrr... piuuu.

Digidigi akaitazama supu iliyobaki kwenye bakuli la Bi Kanga, akaimwaga taratibu. Bi Kanga akawakusanya watoto wake chini ya mabawa, akawahesabu, akawahesabu tena.

Kisha wakamsukuma Chui wote kwa pamoja. Biringi, biringi, biringi, chubwi! Mtoni. Maji yakambeba hadi mchanga wa mbali, akaamka kichwa kinamgonga na aproni imemziba macho.

Digidigi akamgeukia Pimbi. "Wewe ulijuaje?"

"Nilisoma majani."

"Si uliacha?"

"Niliacha."

"Mtu anaacha kitu halafu anakijua? Hapo kuna—"

Bi Kanga akamkanyaga mguu. Akamwambia Pimbi, "Mwanangu, nina mtama wangu unakaa tu ghalani. Unaweza kunitafutia wateja?"

"Naweza, mama. Kwanza niuonje."

Hivyo ndivyo Pimbi alivyopata mteja wake wa kwanza. Wa pili alikuwa Kobe, lakini yule bado yuko njiani anakuja.

— Ngano yangu naitua hapa. Nani anaiokota?
— Sisi!
— Mtaipeleka wapi?
— Nyumbani!

Basi shikeni na funzo lake. Msibadilishe kozi. Pimbi angebaki kwenye udaktari, siku ile angepata wagonjwa tele, tena wote wametulia. Na jirani mwenye meno marefu akikupikia, usimuulizeulize. Kuuliza ni utovu wa adabu.

Mnacheka nini?

Haya, nendeni salama. Ila nawaomba mnikumbukie jambo moja tu. Yule kifaranga wa mwisho hakuwa mjinga. Alikuwa na njaa.