Jembe la Koplo Otmari

"Jembe la askari halilali." Mmelisikia neno hilo leo kwa bibi yenu, vijana, mkacheka, mkauliza jembe hulalaje. Kaeni basi. Methali hii ina kwao, na kwao ni kijiji cha Litundu, kule milima ya Ungoni. Ilianza hivi.

Watu wa Litundu walilima kwa msaragambo, leo shamba la huyu, kesho la yule. Kila nyumba ilileta jembe lake, na jembe la kuazima halikuhesabiwa. Nyumba ambayo jembe lake halikuonekana shambani ilirukwa zamu, hata kama mwenyewe ni ndugu wa jumbe.

Sasa Koplo Otmari Haule alipopelekwa vitani, alitundika jembe lake jipya nyuma ya mlango, akamwacha mkewe Redempta na mimba ya miezi minane. Huko mpakani hakuziogopa risasi kama alivyoiogopa zamu ile. Nani atalishika jembe? Mtoto atakula nini?

Alirudi baada ya misimu miwili, goti limeharibiwa na risasi, anatembelea mkongojo. Kabla hajakaa alichungulia nyuma ya mlango. Loo! Jembe lilikuwa limelika hadi kubaki kama kijiko cha uji.

"Redempta! Nani kalila jembe langu?"

"Waulize majirani," mkewe alijibu, akiuma midomo asicheke.

Otmari akachechemea hadi kwa jirani yake, Mzee Kasiani, jembe mkononi. "Shikamoo, mzee. Ndiyo ujirani huu? Mimi nakwenda kuwalinda, ninyi mnanimalizia jembe?"

"Marahaba, koplo. Umeshafika ghalani kwako?"

"Bado."

"Basi nenda kwanza, ndipo uje unigombeze."

Ghala lilijaa mahindi mpaka mlango haufungiki. Mzee Kasiani alimfuata, akamweleza: kila siku ya msaragambo nyumba moja ilitoa mtu wa ziada wa kulishika jembe la Otmari, wala halikukosekana shambani hata mara moja. Haya ikamshika koplo. Akakaa juu ya kinu, akalia mbele ya mwanawe aliyekuwa bado hamjui.

"Nisamehe, mzee. Lakini ndiyo nimerudi na goti hili. Sasa nitakuwa mtu wa kulimiwa tu?"

"Mikono ya kulima tunayo. Tunachokosa ni sauti. Jeshini si mlifundishwa kupiga kelele?"

Kesho yake Otmari alisimama mbele ya mstari, mkongojo kwapani, akiamuru: "Inua! Shusha! Hatua moja mbele!" Litundu nzima ikalima kwa kwata, wazee wakikosea hatua na kuangua vicheko. Shamba likaisha kabla jua halijawa kali. Katikati ya mstari, jembe jipya alilonunuliwa na majirani lilipanda na kushuka mikononi mwa Mzee Kasiani. Otmari alipoliona akasahau amri, akabaki anacheka peke yake.

Tangu hapo, kijana wa Litundu akiitwa jeshini haambiwi mengi. Huulizwa tu ametundika wapi jembe lake. Jembe la askari halilali.